Uwakala wa bima: maswali kabla ya kutia saini

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: kufungua ofisi ya uwakala chini ya kampuni kubwa ya bima. Niliifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, kwa hiyo najibu kwa mdomo uliokwisha kuungua.

Kampuni inaniambia jina lake pekee litaniletea wateja. Ni kweli?

Nusu kweli. Jina linakufungulia mlango, na mteja hakuhoji kama fidia italipwa. Lakini jina hilohilo analo wakala mwenzako wa mtaa wa pili, na kampuni yenyewe inauza bima kwa simu na mtandaoni. Waulize: mtu niliyemshawishi mimi akienda kununua kwenye programu ya kampuni, kamisheni ni ya nani? Jibu walitie kwenye mkataba, si kwenye maongezi ya chai.

Baada ya miaka 10 nikitaka kuacha, wateja ni wangu?

Hapa ndipo penye mfupa, na ni swali ambalo wengi hulikumbuka siku ya kuondoka. Utajiri wa wakala hauko katika bima mpya anayouza leo. Uko kwa wale wanaohuisha bima zao mwaka hadi mwaka huku yeye akipata kamisheni bila kubisha hodi upya. Ukiwa wakala wa kampuni moja, mara nyingi wateja hao kimkataba ni wa kampuni, na ukiondoka unaweza kuzuiwa kuwafuata kwa muda fulani. Dalali wa bima, anayepeleka wateja kwa kampuni mbalimbali, kwa kawaida huondoka nao au huuza orodha yake.

Na mkataba wenyewe unaweza kubadilika ukiwa ndani. Novemba 1999, kampuni ya Allstate ya Marekani ilitangaza kusitisha ajira za mawakala wake wapatao 6,200. Waliotaka kuendelea walitakiwa wawe wakandarasi wa kujitegemea, na kwanza watie saini hati ya kuachilia madai yao. Kesi zilizofuata zilichukua zaidi ya miaka 10. Kwa hiyo soma kwanza kurasa za mwisho: nikifutwa, nikiugua, nikifa, nikitaka kumuuzia mtu mwingine ofisi, inakuwaje?

Kuna hatari gani kuuza bidhaa za kampuni moja tu?

Kampuni ikifunga bomba, nawe unakauka. Mei 2023, State Farm, kampuni nyingine ya bima ya Marekani, iliacha kupokea maombi mapya ya bima za nyumba huko California, ikitaja gharama za ujenzi, hatari za majanga na ugumu wa kupata bima ambazo kampuni za bima zenyewe hujikatia. Bima za magari ziliendelea. Lakini mtu aliyeingia ofisini akitaka bima ya nyumba yake mpya, wakala hakuwa na la kumuuzia.

Nitaanza kuona faida lini?

Usitegemee mwaka wa kwanza. Weka kando matumizi ya nyumbani ya mwaka mzima, mbali na kodi ya ofisi na mshahara wa msaidizi. Kampuni ikikupa posho ya kuanzia, uliza inapungua lini na imefungwa kwenye malengo gani.

Bima ya maisha ndiyo hudanganya macho: kamisheni yake huwa nono mwanzoni, kisha hushuka sana. Mteja akiacha kulipa mapema, kampuni huidai irudi. Mimi mwaka wangu wa pili niliuanza na deni, maana wateja niliowasukuma kununua waliacha kulipa mmoja baada ya mwingine, na kamisheni yao nilikuwa nimeshainunulia samani za ofisi. Viti vizuri, kwa kweli.

Je, nianze na ndugu na marafiki?

Anza nao, ila wauzie wanachohitaji. Siku fidia ikikataliwa, hawataipigia kampuni. Watakuja sebuleni kwako.

Naweza kukaa na ada za wateja siku chache kabla ya kuziwasilisha?

Hapana, hata kama mkataba unakupa nafasi ya kuchelewa. Fungua akaunti yake peke yake, na kodi ya ofisi isitoke humo hata mara moja.