Maswali ya Wasomaji: Kufundisha Ufundi Darasani na Karakanani

SWALI: Nafundisha umeme katika chuo cha ufundi hapa Mtwara mjini. Wanachuo wangu wanakokotoa sheria ya Ohm bila shida, lakini nikiwapa saketi ya kweli mezani wanababaika. Somo nimelirudia, mambo ni yale yale. Nikosoeni.
*Mwalimu wa umeme, Shangani, Mtwara*

JIBU: Usilirudie tena. Wanachuo wako hawajapungukiwa maelezo. Wanayo ya kwao kuhusu umeme, na hesabu haiyagusi. Mtu anaweza kupata ampia sahihi kwenye karatasi huku akiamini kwamba balbu ya kwanza "inakula" umeme na kuiachia ya pili mabaki. Imani hiyo lazima itoke hadharani kabla hujaanza kuisahihisha.

Tafuta balbu tatu za indiketa za pikipiki, zote za volti 12 na wati 10, aina moja. Ongeza betri ya volti 12, fyuzi ya ampia 5, swichi na multimita. (Balbu za tochi zingetosha, ila siku hizi tochi karibu zote ni za LED, na LED haifai kwa jaribio hili.) Balbu A iwe ya kwanza kwa mfuatano, kisha B na C zifungwe sambamba baada yake. Kabla ya kuwasha, chora saketi ubaoni na uulize: nikichomoa C, A na B zitakuwaje?

Toa majibu manne, na kila jibu la kosa libebe dhana ambayo wanafunzi wanayo kweli. Moja: A haibadiliki, B inang'aa zaidi. Hili huchaguliwa na anayedhani betri hutoa mkondo ule ule siku zote. Mbili: A inafifia, B inang'aa zaidi. Tatu: zote zinang'aa zaidi, kwa kuwa mlaji mmoja kapungua. Nne: hakuna kinachobadilika, kama vile kuzima taa ya sebuleni kusivyoigusa ya chumbani. Jibu la kosa lisilo na mtetezi halikupi habari yoyote, liondoe.

Wape dakika moja au mbili wafikiri kimya. Kisha, ukihesabu moja, mbili, tatu, kila mtu anyanyue kadi yenye namba ya jibu lake kwa pamoja. Wakinyanyua mmoja mmoja, macho yote yatamwelekea yule anayeongoza darasa na utakuwa umepima jibu lake peke yake. Hesabu kadi. Waliopatia wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, waambie kila mmoja atafute jirani mwenye jibu tofauti na ajaribu kumshawishi kwa dakika mbili au tatu, kisha wapige kura tena. Wakiwa chini ya 30, hawana cha kubishania, fundisha kwanza. Wakizidi 70, eleza kwa ufupi usonge mbele. Utaratibu huu ulianzishwa mwaka 1991 na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake walikuwa na tatizo lile lile la kwako: hesabu wanaziweza, dhana hawana.

Mahali unapoweza kuharibu ni baada ya kura ya kwanza. Ukionyesha jibu, au hata ukitabasamu kidogo kwa kadi fulani, mjadala umekufa.

Sasa washa. Kihesabu, balbu zikiwa na ukinzani sawa, A itapata volti 8 na B na C volti 4 kila moja. Ukichomoa C, A inashuka hadi 6 na B inapanda hadi 6, kwa hiyo jibu ni la pili. Ila multimita haitasoma hivyo hasa, na hapo ndipo utamu ulipo. Kabla hujachomoa C, A itapata zaidi ya 8, kwa sababu waya wa ndani ya balbu ukinzani wake hupanda unavyopata joto, na A ndiyo yenye joto zaidi. B na C huenda zikaonekana wekundu tu, basi funga mapazia. Mwanachuo akiuliza kwa nini vipimo havilingani na hesabu ubaoni, usimwambie "ni makosa madogo ya kipimo". Hilo ndilo swali bora la kipindi kizima.

Kama mkuu wa idara atakuuliza kwa nini darasa lina kelele, mpe takwimu hizi: uchambuzi wa tafiti 225 za kozi za sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta wastani wa waliofeli ni asilimia 33.8 pale mwalimu anapohutubia tu, na 21.8 pale wanafunzi wanaposhughulishwa.

SWALI: Nina wanachuo 32 wa uchomeleaji na mashine 4 tu. Kipindi ni saa tatu. Wengi wanakaa nje kusubiri zamu na wengine wanatoroka. Nifanyeje mpaka mashine nyingine zipatikane?
*Mkufunzi wa karakana, Lindi*

JIBU: Tuanze na hesabu isiyofurahisha. Dakika 180 mara mashine 4, gawanya kwa watu 32, ni dakika 22 na nusu kwa kila mmoja, hata kama hakuna sekunde inayopotea. Hakuna mbinu ya kufundishia itakayoziongeza. Kinachoweza kuokolewa ni zile dakika 157 nyingine.

Gawa darasa katika makundi manne ya watu wanane, na karakana katika vituo vinne, dakika 40 kila kituo na dakika 5 za kuhama. Kituo cha kwanza ni mashine: wawili wawili, mmoja anachomelea, mwenzake amevaa kinyago naye na ana karatasi ya kuangalia vitu vitatu tu, yaani umbali wa ncha ya kijiti cha kuchomelea na chuma, pembe ya kijiti, na mwendo wa mkono. Baada ya dakika 20 wanabadilishana. Kituo cha pili ni kupima, kuchora mistari, kukata kwa msumeno wa chuma na kupiga tupa. Grainda isiwepo hapo, kwa sababu wewe utakuwa kwenye mashine na huwezi kuwa sehemu mbili. Cha tatu ni ukaguzi: wanachukua viungo vya wiki iliyopita, wanagonga gamba (masalia magumu yanayofunika mshono), wanakata mfereji mdogo katikati ya mshono, wanabana kwenye jiliwa na kuvunja kwa nyundo, miwani ikiwa machoni. Ndani wataona matundu, gamba lililonaswa, na sehemu ambako chuma hakikuyeyuka. Cha nne ni mezani: kusoma mchoro na kukokotoa vifaa na bei ya kazi, tuseme geti au fremu ya dirisha.

Vituo vya tatu na vya nne hugeuka kijiwe haraka sana. Dawa yake ni kwamba hakuna anayetoka kituoni bila kukabidhi kitu: vipande vilivyokatwa, fomu ya ukaguzi, karatasi ya bei. Vipande visivyofika kipimo havichomelewi. Hapo utaona tupa inavyoheshimiwa.

Onyesho lako lifuate hatua nne zilizoenezwa viwandani Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, pale wafanyakazi wapya walipohitajika kwa haraka: tayarisha, onyesha, mwache ajaribu, fuatilia. Walimu wengi hulemea ya pili na kuiruka ya tatu. Kwanza fanya kazi nzima kimya, kwa mwendo wa kawaida. Rudia polepole ukieleza. Kisha mwanachuo aseme yeye hatua na sababu yake, nawe ufanye kama anavyosema, ikiwemo makosa yake, mradi hayamhatarishi mtu. Mwisho afanye mwenyewe huku akisema. Wasizidi wanane kwa onyesho moja, na kila mmoja awe na kinyago chake, kwani kutazama mwanga ule kwa macho makavu hata kwa muda mfupi huleta maumivu ya mchanga machoni usiku.

Kabla ya kuwasha, wapitishe mkono juu ya mstari wa chaki wakiwa na kijiti kisicho na umeme, mara kumi. Kwa kijiti cha aina ya E6013 chenye unene wa milimita 2.5, anza na ampia kati ya 60 na 90, na umbali wa ncha uwe karibu sawa na unene wa kijiti chenyewe. Anayeanza hunasa kijiti, kisha kwa woga hukiinua juu mno, cheche zinatapakaa na mshono unajaa matundu. Kama matundu yanatokea hata kwako, shuku vijiti. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na pakiti iliyoachwa wazi sakafuni haikai salama. Ihifadhi ndani ya kasha lenye mfuniko, mbali na sakafu.

SWALI: Nimesomea uhandisi wa mitambo na sasa nafundisha Masasi. Sijawahi kusomea ualimu. Je, ni lazima nirudi chuoni?
*Mhandisi, Masasi*

JIBU: Ukipata nafasi, nenda. Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi Morogoro, kilicho chini ya VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi), kipo kwa ajili ya watu kama wewe. Wala si sisi pekee tunaoona kwamba uhandisi na ualimu wake ni fani mbili: jumuiya ya kimataifa ya ufundishaji wa uhandisi, IGIP, iliundwa Klagenfurt, Austria, mwaka 1972.

Wakati unasubiri, anza na maandalio ya somo. Futa neno "aelewe". "Mwanachuo aelewe pampu" halipimiki. Andika: "Ndani ya dakika 40, akiwa na spana na mwongozo wa mtengenezaji, afungue pampu ya maji, abadilishe sili, aifunge, na isivuje ikiwashwa kwa dakika 5." Sentensi hiyo inakuambia vifaa, muda na mtihani kwa pamoja.

Kisha fanya somo dogo, mbinu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford miaka ya 1960. Waombe wenzako watano wakae kama darasa, fundisha jambo moja kwa dakika saba, simu ikirekodi. Chagua ujuzi mmoja tu wa kuangalia. Tungependekeza uanze na ukimya: ukiuliza swali, unasubiri sekunde ngapi kabla ya kulijibu mwenyewe? Mtafiti Mary Budd Rowe alikuta walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja, na wakifikisha tatu, majibu ya wanafunzi hurefuka na wanaojibu huongezeka. Swali la kihandisi linahitaji zaidi ya hapo. Tazama rekodi peke yako kwanza, ndipo uwasikilize wenzako, kisha fundisha tena jambo lile lile.

SWALI: Kazi za mradi za kikundi zinafanywa na mmoja, wengine wanaandika majina. Nizifute?
*Mwalimu, Nachingwea*

JIBU: Usizifute, punguza kikundi. Watu wanne wanatosha. Chuo Kikuu cha Aalborg cha Denmark kimejengwa juu ya miradi ya vikundi tangu kilipoanzishwa mwaka 1974, na bado mtihani wake wa mdomo humpa kila mwanafunzi alama yake.

Wape tatizo lenye mwenyewe, kwa mfano pampu ya kuinua maji ya bahari kwenye mashamba ya chumvi, ambako kutu inawalazimisha wafikirie vyuma, bei na matengenezo kwa wakati mmoja. Kila wiki kikundi kilete ukurasa mmoja: nani kafanya nini, kipi kimekwama. Siku ya kuwasilisha, wewe ndiye uchague nani aeleze sehemu ipi, na kila mmoja apewe sehemu ambayo hakuishika yeye. Tangaza utaratibu huo siku ya kwanza, si ya mwisho. Alama ziwe nusu za kikundi na nusu za mtu binafsi. Ukiziacha zote kwa kikundi, utarudi pale pale.