Kwa anayeanza lugha za Alor na Pantar: tenga viambishi kwanza

Ukipata orodha ya maneno ya Kiabui au Kiteiwa, usikimbilie kulinganisha. Hizo ni mbili kati ya lugha zinazokaribia 20 zinazozungumzwa katika visiwa vya Alor na Pantar, mashariki mwa Indonesia, kilomita 1,000 hivi magharibi mwa New Guinea. Ndugu za lugha hizi wako Timor (Kibunaq, Kimakasae, Kimakalero, Kifataluku) na katika kisiwa cha Kisar (Kioirata). Zote huitwa za "Kipapua", lakini jina hilo halithibitishi undugu wowote: ni kapu la lugha za ukanda ule ambazo si za Kiaustronesia (familia kubwa yenye lugha kama Kiindonesia na Kimalagasi). Undugu huthibitishwa na sauti zinazolingana kwa utaratibu, na sauti hizo huzioni kama viambishi bado vimeganda kwenye mashina.

Anza na viungo vya mwili na majina ya jamaa, maana hayasimami bila mwenyewe. Ukiuliza "mkono" kwa Kiabui, unaweza kujibiwa natang (wangu), atang (wako) au hatang (wake), kutegemea mzungumzaji amelielewaje swali. Ukiandika jibu la kwanza tu, kesho jedwali lako litalinganisha "wangu" ya lugha moja na "wake" ya lugha nyingine, na utadhani n imegeuka h. Uliza nafsi zote. "Wetu" iulize mara mbili, ukimjumuisha msikilizaji na ukimwacha nje. Kisha weka kistari: na-tang, a-tang, ha-tang. Nyumba ni ne-fala, he-fala, kwa irabu e. Usiisawazishe irabu hiyo ukidhani umesikia vibaya: a ni ya kisichotengana na mtu, e ni ya anachoweza kukiacha.

Kwenye vitenzi ndipo Mswahili anapoteleza zaidi. Sisi tumezoea kiambishi cha mwanzo kiwe cha mtenda. Kule, kiambishi cha kitenzi kwa kawaida ni cha mtendwa. Kwa Kiabui, "na a-ruidi" ni "nimekuamsha": neno "na" linasimama peke yake kama mtenda, na "a-" ndiye aliyeamshwa. Kitenzi hukaa baada ya mtendwa, na ukanushi huja nyuma yake (naha kwa Kiabui, maan kwa Kiteiwa), kwa hiyo usikate rekodi mapema. Masharti ya kiambishi nayo hayafanani. Kiteiwa huangalia zaidi kama mtendwa ana uhai. Kiabui hupima zaidi jinsi anavyoguswa na tendo. Ukikusanya sentensi za vitu peke yake, kuvunja kuni au kuosha sahani, utaandika kwamba Kiteiwa karibu hakina viambishi vya vitenzi. Kila kitenzi kipime kwa mtu, kwa mnyama na kwa kitu.

Mashina yakishakuwa safi, sauti zinajipanga. Kiambishi cha nafsi ya tatu ni ga- kwa Kiteiwa na ha- kwa Kiabui. Mbili ni raq na ayoku. Kumi ni qaar nuk na kar nuku: q ya Kiteiwa inakutana na k ya Kiabui mara mbili. Mifano miwili haitoshi kutangaza kanuni, lakini inakuonyesha pa kuchimba. Tatu, yerig na sua, hazilingani. Ziache hivyo, usizilazimishe.

Namba zinastahili muda wako. Sita ni neno moja (tiaam, talaama), lakini saba ni tano na mbili: Kiabui yeting ayoku, Kiteiwa yes raq, ingawa tano ya Kiteiwa ikiwa peke yake ni yusan. Anayeuliza moja hadi tano tu anakosa sehemu hii nzuri kuliko zote. Hesabu hadi 20 angalau, kisha uliza 7, 8 na 9 bila mpangilio, ili mtu asikariri.

Maneno ya mkopo yatengee safu yake. Sisi wenye sita, saba na tisa za Kiarabu tunajua kwamba hata namba za kila siku hukopwa. Nguruwe wa lugha mama ya Alor na Pantar (ile ya kale iliyozaa lugha hizi zote), *baj, anafanana mno na *babuy ya Kiaustronesia, na huhesabiwa kuwa mkopo wa kale; nyota huonyesha neno lililokisiwa kwa kulinganisha, si lililorekodiwa. Kwa kuwa uliingia kabla lugha hizi hazijatengana, umepitia mabadiliko yaleyale ya sauti na unaonekana mwenyeji kabisa. Unafaa kupimia kanuni za sauti ndani ya kundi. Kwenye hoja ya undugu na lugha za New Guinea, uondoe.