Shoga yangu wa simuni amefariki

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nafanya kazi za nyumbani Maskat, huu mwaka wa tatu. Nilijuana na dada mmoja wa Tanga kwenye kundi la darsa la WhatsApp. Hatukuonana hata siku moja, ila tulitumiana sauti kila siku. Huku alfajiri inatangulia, basi nikishaswali nampigia kumwamsha. Juzi hakupokea siku tatu. Ya nne akapokea kaka yake, akasema wameshamzika. Nalia mpaka leo. Mwenzangu wa kazini ananicheka, ati amemsikia ustadhi akisema urafiki wa mitandaoni ni batili, humlilii usiyemjua. Ni kweli? Na naweza kumswalia?

JIBU: Wa alaykum salaam, binti yangu. Mungu amrehemu shoga yako. Lia bila kuona haya, Mtume s.a.w. alimlilia mwanawe Ibrahim. Na kumswalia unaweza. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, swala ya ghaibu, yaani kumswalia maiti aliye mbali nawe, inajuzu hata kama Tanga walikwisha kumswalia. Simama chumbani mwako, takbira nne, inatosha.

Kilichonikera ni hilo neno “batili”. Lina mahali pake: ndoa isiyo na walii ni batili, kuuza mali isiyo yako ni batili. Urafiki nao nani aliuwekea sharti la kuonana macho kwa macho? Wanaosema hivyo hutegemea kisa cha Sayyidna Omar. Mtu alidai kumjua mwenzake, Omar akamuuliza: Ni jirani yako? Umefanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Umesafiri naye? Alipojibu hapana, akaambiwa: basi humjui. Kisa kizuri, lakini wamekisoma nusu. Omar alikuwa anataka mtu wa kumdhamini shahidi. Hakuulizwa kuhusu mapenzi ya watu wawili kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, wala hakuyajibu hayo.

Kama kutoonana kunaondoa haki, watuambie habari ya Najashi. Mfalme wa Habasha, aliyewahifadhi Masahaba walipokimbia Makka, hakuonana na Mtume hata siku moja. Alipokufa Mtume akasema: amefariki leo mtu mwema, simameni mumswalie ndugu yenu. Akawapanga safu Madina, naye Najashi amekufa ng’ambo ya bahari. Swala hiyo hiyo ndiyo hoja ya ruhusa niliyokupa hapo juu. Ustadhi ameifundisha mara ngapi, sijui, bila kuona kilichomo ndani yake!

Simtetei kila mtu. Facebook inakuruhusu marafiki 5,000, na wengi wao ukiugua hawatajua. Hilo ni jina tu wamelipa wenye mtandao, wala mimi sigombani na majina. Wako alikuwa mtu wa kuamshana alfajiri. Wangapi tunaoshiba nao pilau moja hawajawahi kutufanyia hilo?

Sasa niseme ambalo hukuuliza. Miaka mitatu nyumba ya watu, na sauti iliyokuwa ikikufariji imezimika. Usijifungie na simu ukirudia sauti zake usiku kucha. Huyo anayekucheka mnaishi nyumba moja. Kesho alfajiri mgongee mlango. Huenda anacheka kwa sababu hana wa kumwamsha.

Mpigie tena kaka yake, umpe mkono wa tanzia, umuulize kama marehemu ameacha deni, maana roho ya muumini hufungika kwa deni lake. Akikutajia kiasi nawe unakiweza, usitume kwenye namba hiyo moja kwa moja. Hapa ndipo kisa cha Omar kina kazi. Mtafute mtu wa Tanga unayemjua kwa jirani au kwa safari, aende msibani, aonane na wenyewe na mdai, ndipo alipe.