Mwanangu hujikuna usiku kucha

SWALI: Assalamu alaikum, Muuguzi. Binti yangu ana umri wa miaka mitatu. Tangu kiangazi kianze, ngozi ya mikunjo ya viwiko vyake na ya nyuma ya magoti imekauka, ikawa nyeusi na ngumu, naye hujikuna usiku hadi shuka inapata damu. Katika kituo cha afya niliambiwa kuwa ni ukurutu. Mama mkwe, ambaye ni Muganda wa Masaka, anataka tumwogeshe kyogero, yaani maji ya majani ya dawa ya Kiganda, na tumwachishe mayai na samaki, na jirani anasisitiza ndimu na chumvi. Nishike lipi? Mama Zaituni, Arua.

JIBU: Wa alaikumu salaam, Mama Zaituni, na pole kwa usiku mwingi usio na usingizi. Ukurutu hauletwi na uchafu wala hauambukizi, kwa hiyo asitengwe na watoto wenzake. Ngozi ya mtoto wa aina hii ni dhaifu katika kazi yake ya kuzuia maji yasitoke mwilini na vumbi na sabuni visipenye ndani, na ndiyo sababu hali huzidi kati ya Desemba na Februari, hewa ya huko kwenu inapokuwa kavu. Ngozi iliyokauka huwasha, mtoto hujikuna, na kule kujikuna huichana zaidi, ikazidi kuwasha.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya nyumbani ni mafuta, tena mengi. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu kwa dakika 5 hadi 10 bila sabuni ya mche, ile ya kufulia, kwa kuwa ni kali mno kwake. Mkaushe kwa kumgusagusa na taulo pasipo kumsugua, kisha kabla dakika 3 hazijapita, ngozi ikiwa bado na unyevu, mpake vaselini isiyo na manukato. Rudia angalau mara mbili kwa siku, hata ngozi itakapoonekana imepona. Hapa ndipo wazazi wengi wanapokwama: muwasho ukitulia siku ya tatu, kopo hurudishwa kabatini. Mtoto mwenye ukurutu uliotapakaa mwilini anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki moja, na huo si ufujaji.

Nawe uko karibu na neema ambayo sisi wa Kampala huinunua kwa bei: mafuta ya shea, yanayokamuliwa kwenye kokwa za mti wa shea, ambayo Waacholi na Walango wa kaskazini mwa Uganda huyaita moo yaa. Yakiwa safi na mapya hulainisha ngozi vizuri. Yajaribu kwanza kwenye sehemu ndogo ya mkono kwa siku mbili. Mafuta ya nazi pia yanafaa. Mafuta ya karanga usiyapake kwenye ngozi iliyopasuka, kwa sababu mwili unaokutana na karanga kupitia ngozi iliyochanika unaweza kujifunza kuzikataa hata zinapoliwa.

Usiku muwasho unapopanda, funika mahali hapo kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika chache, kisha paka mafuta. Mkate kucha ziwe fupi, mvishe nguo za pamba, usimfunike mpaka atoke jasho, na chandarua kisikosekane, maana kila anapoumwa na mbu hupata sababu mpya ya kujikuna.

Ndimu na chumvi viache kabisa. Huchoma vidonda, na maji ya ndimu yakipigwa na jua huweza kuunguza ngozi na kuacha madoa. Kuhusu kyogero, naiheshimu mila hiyo, lakini majani yake hutofautiana nyumba kwa nyumba, na kwenye ngozi iliyopasuka yanaweza kuongeza mwasho. Mtoto huyu asiogeshwe nayo. Mayai na samaki aendelee kula, kwani anavihitaji ili akue, isipokuwa umeona akivimba midomo, akitokwa na vipele vya ghafla au akitapika muda mfupi baada ya kula chakula fulani. Hapo mwone daktari kabla ya kumpa tena.

Daktari akikuandikia krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1, itumie kama alivyoelekeza bila hofu. Ninazoziogopa mimi ni krimu za sokoni zisizoandikwa kilichomo, pamoja na zile za kujichubua, kwa sababu baadhi yake zina steroidi kali, yaani dawa za jamii ya haidrokotizoni lakini zenye nguvu zaidi, zinazokondesha ngozi ya mtoto.

Ukiona maganda ya manjano, usaha, homa, au malengelenge madogo yenye maumivu yanayoenea upesi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na iwapo wengine nyumbani nao wanawashwa usiku, hasa kati ya vidole, rudi kituoni, kwa kuwa huenda huo si ukurutu bali ni upele wa kuambukizana, ambao hutibiwa kwa nyumba nzima.

Mama mkwe usimweke kando. Mwombe yeye ndiye ashike zamu ya kumpaka mjukuu wake mafuta kila baada ya Magharibi, akianzia kwenye viwiko.