Chui wa theluji: bustanini au mlimani?

SWALI: Nimemtazama chui wa theluji nusu saa nzima kupitia kioo cha bustani ya wanyama. Sasa naweka akiba niende Ladakh, India, kumtafuta porini. Je, kuna jipya nitakaloliona huko?

JIBU: Lipo, ila usitarajie ukaribu ule. Mlimani mara nyingi huwa ng'ambo ya bonde, mita mia kadhaa au hata kilomita nzima, na kwa macho matupu hutamtofautisha na jiwe. Bustanini umeona umbile: mkia unaokaribia urefu wa kiwiliwili, nyayo pana zenye manyoya hadi chini. Kazi ya viungo hivyo iko porini. Anapoporomoka jabalini akimfukuza bharali, kondoo-mwitu wa huko, mkia ndio unaomshikia mizani. Nyuma ya kioo hana wa kumfukuza. Na ukimkuta anarandaranda njia ile ile bila kukoma, usidhani ndivyo alivyo; hiyo ni dalili ya msongo wa kufungiwa.

Nenda kati ya Januari na Machi. Ni msimu wa kupandana, hivyo huzunguka sana akiacha alama, na mawindo yake yameshuka chini kukimbia theluji nzito. Mji wa Leh, utakapoanzia safari huko Ladakh, uko takriban mita 3,500 juu ya usawa wa bahari: pumzika siku mbili au tatu kabla ya kupanda zaidi. Wanaoharakisha hapa huumwa kichwa, hutapika, na safari huishia hapo. Betri za kamera zikae ndani ya koti, maana baridi huzimaliza upesi.

Beba darubini ya mkononi ya 8x42 au 10x42 (inayokuza mara 8 au 10, yenye lenzi ya mbele ya milimita 42) kwa kupekua, na ya miguu mitatu inayokuza mara 20 hadi 60 kwa kuthibitisha. Anza na kingo za matuta, pale mwamba unapokutana na anga, alfajiri na jioni. Pekua polepole, kisha rudia palepale: doa ulilolipita alfajiri ukidhani jiwe huenda likainua kichwa saa nne. Watazame bharali pia. Kundi zima likiganda na kukodolea upande mmoja, elekeza darubini huko. Usipumulie lenzi, mvuke utaganda.

Tenga siku nane hadi kumi katika mabonde ya Hifadhi ya Hemis. Akiwa kwenye mzoga, usimsogelee hata kidogo: akishtuka anaweza kuuacha, na bharali mmoja ni chakula chake cha siku kadhaa.