Volti 3.3 zilivyoniunguzia mosfeti

Nilikuwa na inveta ndogo ya betri ya volti 12 ikifanya kazi vizuri na bodi ya maikrokontrola ya Arduino Uno. Nikaing'oa Uno nikaweka bodi ya ESP32 yenye Wi-Fi, maana nilitaka kuona hali ya betri kwenye simu. Sikugusa kingine: draiva, yaani chipu zinazowasha na kuzima mosfeti kwa amri ya bodi, zilibaki IR2110, waya zile zile. Taa iliwaka bila shida. Nilipochomeka feni kubwa, mosfeti mbili za IRF3205, ndizo swichi za kielektroniki za inveta, zikapasuka.

Kwanza nilishuku mosfeti feki, kwa jinsi zilivyojaa madukani. Nikaweka mpya, nazo zikaungua.

Kosa lilikuwa kwenye pini ya 9 ya IR2110, yaani VDD, inayolisha sehemu ya chipu inayosoma ishara kutoka kwenye bodi. Kiwango ambacho chipu hii inakihesabu kuwa "juu" kinapanda na kushuka pamoja na VDD. Jedwali la kiwanda linasema VDD ikiwa volti 15, mpigo wa ishara hiyo lazima ufike volti 9.5, karibu theluthi mbili. Yangu ilikuwa kwenye volti 5, kwa hiyo kwa uwiano huo ilidai kama 3.1 au 3.2. Uno ilitoa karibu 5, nafasi tele. ESP32 hutoa 3.3 ikiwa haijabebeshwa mzigo, na kiwanda chake kinadhamini asilimia 80 tu ya hiyo, yaani 2.64. Nilikuwa napita kwa chupuchupu. Mkondo mkubwa wa feni ulipopita kwenye waya wa graundi, graundi ya draiva ikainuka kidogo juu ya ile ya ESP32, na mpigo ukaanza kukatikakatika. Mosfeti inayowashwa na kuzimwa ovyo hivyo huchemka upesi mno. Multimeta haikunisaidia, kwa sababu kwenye PWM (mipigo ya kuwasha na kuzima haraka) inaonyesha wastani tu. Osiloskopu ya kuazima, inayochora umbo la mpigo, ndiyo iliyonionyesha.

Kwa hiyo, fundi mwenzangu, kabla ya kushika lehemu tafuta kwenye jedwali la kiwanda mstari wa VIH wa draiva yako (volti ya chini kabisa inayoihesabu kuwa "juu"), na usome umepimwa kwa VDD ipi. Ulinganishe na VOH (volti inayotolewa pini ikiwa "juu") ya chini kabisa ya maikrokontrola. Ile 3.3 iliyoandikwa kwenye bodi si kipimo. Draiva ya IR2104, kwa mfano, inadai volti 3. Kwa ESP32 siiamini peke yake. TC4420 inatosheka na 2.4, ila hiyo ni draiva ya mosfeti ya chini tu, ile ya upande wa graundi.

Ungeweza kuishusha VDD ya IR2110 hadi 3.3, na itafanya kazi. Mimi, palipo na kelele za mota, napenda kuweka chipu ya bafa 74HCT125 kati ya ESP32 na draiva, ikilishwa volti 5: inakubali kuanzia volti 2 na kutoa karibu 5 kamili. Pini zake za kuruhusu ziende graundi. Dukani sisitiza herufi T, kwani 74HC125 kwenye volti 5 inadai kama 3.5, na tatizo linabaki pale pale.

Mwisho, weka resista ya kilo-omu 10 kutoka kila pini ya ESP32 inayotoa PWM kwenda graundi. ESP32 inapowaka, pini nyingi huelea (si juu wala chini) kabla programu yako haijazishika, na mosfeti haipaswi kubahatisha muda huo.