Kabla ya Kamera, Kaa na Mchezesha Vikaragosi

Filamu yangu ya vikaragosi ya dakika 14 ilinigharimu shilingi 90,000, na tangu ionekane vijana wananiuliza nilikodi kamera gani. Sikukodi. Nilipiga kwa simu yangu mwenyewe. Ninachotamani waniulize ni nilikaa na Mzee, mchezesha vikaragosi, siku ngapi kabla ya kuitoa hiyo simu mfukoni. Zilikuwa siku kumi na moja, na ndizo zilizonipa filamu.

Mzee ni seremala wa mtaa wa Kariobangi, Nairobi. Alifundishwa kuchezesha vikaragosi na mjomba wake, naye amemfundisha binti yake na mpwa wake. Mchana hutengeneza vitanda na makabati. Akialikwa kwenye sherehe, hubeba gunia lenye sanamu saba. Nilimpenda zaidi Shosho, bibi kizee wa mbao asiyezidi urefu wa mkono wa mtu mzima, amechongwa kwa mjakaranda. Mzee hununua mbao hizo kwa wachongaji wa Wamunyu, kule Machakos, kwa sababu ni nyepesi. Mti mzito wa muhugu waliochongea wazee wao siku hizi ni adimu, na hata ukiupata, anasema, utakuchosha bega kabla wimbo haujaisha.

Nilimwendea na mswada wa kurasa ishirini, umejaa mazungumzo. Wengi wetu wa Nairobi vikaragosi tulivijua kupitia kampeni za Ukimwi za miaka ya 1990, halafu vile vya mpira vya kuwakejeli wanasiasa vilivyoingia kwenye televisheni mwaka 2009. Vile hufungua midomo, vinaongea. Shosho hana mdomo wa kufunguka. Mzee alinisikiliza nikisoma hadi mwisho, kisha akamshika Shosho, akamwinamisha kichwa kidogo, akamgeuza taratibu kuelekea mlangoni na kumwacha hapo. Nilielewa kuwa kuna mtu aliyeondoka na hatarudi. Ukurasa mzima wa maneno yangu ulikuwa umesemwa. Usiku ule nilifuta karibu mazungumzo yote, nikabakiza wimbo na sauti ya msimulizi mmoja. Kwa hiyo usiandike mswada kabla ya kuona kikaragosi chenyewe kinaweza kufanya nini. Kila kimoja kina viungo vyake. Shosho anaweza kukaa, kuchuchumaa na kutetemeka mabega; kunyanyua kikombe hawezi. Nilikuwa nimeandika matukio matatu ya chai.

Kosa langu kubwa lilikuwa uzi. Mzee hutumia uzi wa katani, nao ulionekana wazi kwenye kioo cha simu. Nikaenda mjini nikanunua mshipi wa kuvulia samaki, ule usioonekana kirahisi, nikamwomba tubadilishe. Alikubali kwa heshima tu, kwa kuwa nilikuwa mgeni wake. Tulipoteza siku nzima. Mshipi uliteleza vidoleni, ukavutika, na Shosho aliyekuwa akitembea kama mtu mwenye miaka themanini akawa anarukaruka kama panzi. Isitoshe, taa ilipowaka mshipi ulimetameta kuliko ile katani. Jioni nilimwomba radhi, tukarudisha nyuzi zake. Nimeionyesha filamu mahali pengi, na hakuna aliyewahi kulalamika kuhusu uzi. Watu wakishaamini macho ya Shosho, uzi hawauoni tena. Chombo cha fundi usikiguse. Kama kuna kitu hakikupendezi, sogeza kamera.

Jambo la pili ambalo sikulitarajia ni ukimya. Nilifunga mlango wa karakana, nikaomba watu watulie, nikasema tuanze. Mchezo ukawa mkavu. Mikono ilikuwa ileile, wimbo uleule, lakini Shosho alikuwa mbao. Binti ya Mzee ndiye aliyeniambia, kwa upole, kwamba baba yake hajawahi kucheza bila watu wa kumwitikia. Mchezo wake ni wa kupokezana: yeye anatupa swali, watu wanajibu, naye anausikiliza mwitikio huo ndipo aamue Shosho asimame au akae. Tukawaita watoto wa ploti ile, kumi na wawili hivi, na mama zao wawili. Wakakaa nyuma ya simu. Mchezo ukawaka palepale. Sauti zao niliziacha kwenye filamu, na mtazamaji anazisikia asijue ni za nani. Ukiwa na pesa kidogo utashawishika kupunguza watu kwenye eneo la kazi. Kwa kazi hii ongeza watu, na bajeti ya mandazi iwe nzuri.

Ratiba nayo ipangwe kwa kufuata mabega. Jaribu mwenyewe kushika chupa ya maji ya lita moja juu ya kichwa kwa dakika nne. Mchezesha kikaragosi hufanya hivyo huku vidole vikifanya kazi ya fundi saa. Tulipiga si zaidi ya dakika tano mfululizo, kisha mapumziko ya robo saa. Nilipiga matukio marefu bila kukata, kwa sababu mwendo wa kikaragosi una pumzi yake. Ukiukatakata na kuuunganisha baadaye, pumzi inapotea. Niliinua jukwaa kwa meza mbili za Mzee, nikatundika kitambaa cheusi cha mtumba kutoka soko la Gikomba ili wachezeshaji wasimame nyuma yake, na simu nikaiweka kwenye kimo cha macho ya Shosho. Ukimpiga kutoka juu atabaki kuwa mwanasesere. Simu isisogezwe karibu mno pia, maana lenzi pana huvimbisha pua. Rudi nyuma, tumia lenzi ya kuvuta kama simu yako inayo.

Mwanga wetu ulikuwa wa dirishani, na upande wa pili katoni iliyofunikwa karatasi ya fedha ile ya kufungia chakula. Jioni tuliwasha balbu za karakana, picha ikaanza kupepesa. Kama hili limewahi kukupata, sababu ni umeme wetu kwenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, wakati simu nyingi huja zimepangwa kwa fremu 30, yaani picha 30 kwa sekunde. Weka fremu 25, na shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde. Utahitaji programu inayokuruhusu kupanga hayo kwa mkono.

Paa la mabati na mvua ya Aprili sitaeleza sana. Rekodi wimbo siku kavu, mapema asubuhi kabla mafundi wa jirani hawajawasha mashine. Mlio wa mbao za miguu tuliurekodi peke yake mwishoni, tukaupachika.

Sasa pesa, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Kati ya zile 90,000, nilitenga 48,000 kwa Mzee, binti na mpwa kabla ya kuhesabu kitu kingine, na nusu niliwalipa siku ya kwanza. Nauli na chakula vilikuwa kando. Nimeona mafundi wa jadi wakiahidiwa kwamba watajulikana, eti filamu itawafungulia milango. Siku Mzee anayokaa na wewe ni siku ambayo kitanda cha mteja hakitengenezwi. Kama huna cha kumlipa, subiri mpaka upate.

Andikeni mkataba, hata ukurasa mmoja kwa Kiswahili. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mtumbuizaji haki juu ya onyesho lake, na ipo Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni ya 2016, inayotaka jamii yenye utamaduni iombwe idhini kabla mali yake haijatumiwa kibiashara. Mimi nilianza kwa swali rahisi: kati ya hivi saba, ni vipi ambavyo havipigwi picha? Mzee aliviweka viwili kando bila maelezo. Sikuuliza zaidi. Wimbo mmoja pia alisema ni wa msiba, hauimbwi kwa mchezo, na ulikuwa mtamu kuliko wote. Uliniuma kuuacha. Niliuacha.

Leseni ya kupiga filamu ya kuonyeshwa kwa umma hutolewa na Bodi ya Kuainisha Filamu, na usidhani simu inakusamehe. Mimi nilidhani hivyo. Tulipotoka barabarani kupiga tukio la Shosho akisubiri matatu, tulisimamishwa, na Mzee wa miaka sabini akasimama juani kwa muda wa saa mbili akiwa amemshika Shosho kifuani, kwa uzembe wangu wa karatasi. Aibu ile sijaisahau. Fuatilia leseni wiki kadhaa mapema, na ukitaka barabara au bustani za mji, omba ruhusa ya kaunti pia.

Filamu ilipokamilika, onyesho la kwanza lilifanyika pale pale kwenye ploti, kwa shuka jeupe na projekta ya kuazima. Nakala nilimwekea Mzee kwenye kadi ndogo, mpwa wake akamfungulia kwenye simu. Aliitazama usiku mzima, nikaambiwa. Asubuhi alinipigia.

“Binti yangu, goti la kushoto la Shosho linachelewa pale anapoinuka. Wewe hukuliona?”

Nikamwambia sikuliona, Mzee.

“Basi njoo Jumamosi. Nimeshalichonga upya.”